Kufuatilia na Kujaribu Kurejesha Sarafu za Kidijitali Zilizoibwa: Mwongozo kwa Aliyedukuliwa

Muamala wa sarafu za kidijitali ukishathibitishwa, hakuna karani wala kampuni ya simu inayoweza kuurudisha nyuma kama inavyowezekana pengine mtu anapokosea namba kwenye M-Pesa. Hilo huwafanya wengi waliodukuliwa wakate tamaa siku ileile. Hata hivyo, sarafu hizo huacha kumbukumbu ambazo fedha taslimu haziachi, kwa kuwa kila muamala wa Bitcoin, Ethereum au Tron huandikwa kwenye blokcheni, yaani daftari la wazi ambalo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kulisoma na ambalo mwizi hana uwezo wa kulifuta. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulitumia daftari hilo, na msimamo wake ni mmoja: mali hairejeshwi kwa kumjua mdukuzi wala kwa kumwandama, bali kwa kupata mahali ambapo sarafu zimeingia mikononi mwa taasisi yenye uwezo wa kuzizuia, kisha kuifikia taasisi hiyo mapema ukiwa na karatasi ambazo inaruhusiwa kuzifanyia kazi.

Saa za mwanzo

Kabla ya kuanza kufuatilia kilichoondoka, okoa kilichobaki. Ili uokoe kwa usahihi, lazima ujue mlango alioingilia mwizi, kwa sababu kila mlango una dawa yake.

Ikiwa maneno ya siri 12 au 24 ya kufungulia pochi yako, yaani programu au kifaa kinachotunza funguo za sarafu zako, yamevuja, kwa mfano kwa sababu uliyaandika kwenye tovuti bandia au uliyahifadhi kama picha kwenye simu, basi pochi hiyo imekwisha na haifai kutumika tena, hata ukibadilisha nywila ya programu. Tengeneza pochi mpya kwenye kifaa kingine kisicho na shaka, kisha hamishia huko kila kilichosalia, ukianza na chenye thamani kubwa, na usisahau mitandao mingine inayotumia maneno yaleyale. Hapa kuna mtego unaowanasa watu wengi. Mtu hukuta USDT zake (sarafu inayofuata thamani ya dola) bado zimo kwenye anwani ya Tron, lakini hana TRX, sarafu ya Tron yenyewe, za kulipia ada ya mtandao, hivyo hutuma TRX kidogo ili azitoe. Mwizi huwa amekwishaweka roboti inayoitazama anwani hiyo usiku na mchana, na TRX hizo huondolewa ndani ya sekunde chache kabla mwenyewe hajabonyeza chochote. Ukituma tena, zitachukuliwa tena. Kwenye Tron kuna jambo jingine la kukagua: fungua anwani yako kwenye Tronscan, tovuti ya kusomea daftari la Tron, na utazame sehemu ya ruhusa za akaunti, kwani wezi wengine hubadilisha ruhusa ya mmiliki ili ufunguo wako usiweze kuhamisha kitu tena hata kama salio linaonekana. Kwenye Ethereum, wataalamu wa uokoaji wanaweza kufunga ada na uhamisho katika furushi moja linaloingia kwenye bloku, yaani ukurasa mmoja wa daftari, kwa pamoja, roboti ikakosa nafasi ya kupenya katikati. Kundi la kujitolea la SEAL 911, linalopatikana kupitia Telegram, limeanzishwa kwa ajili ya dharura za namna hii.

Ikiwa hukutoa maneno ya siri ila uliunganisha pochi na tovuti fulani ukabonyeza kukubali, huenda ulichosaini ni idhini inayoruhusu mkataba wa mwizi, yaani programu iliyowekwa kwenye blokcheni, kuchota tokeni zako, yaani sarafu kama USDT, wakati wowote. Idhini hiyo hufutwa kwa kutumia Revoke.cash au zana ya kukagua idhini iliyomo ndani ya Etherscan, tovuti ya kusomea daftari la Ethereum. Andika anwani za tovuti hizo kwa mkono wako mwenyewe badala ya kubofya matangazo yanayotokea juu kwenye injini ya utafutaji, kwa maana tovuti za bandia za kufuta idhini ni nyingi.

Ikiwa kilichovunjwa ni akaunti yako kwenye soko la sarafu kama Binance au OKX, tumia kitufe cha kusimamisha akaunti kilichomo ndani ya programu, badilisha nywila ya barua pepe kwa kutumia kifaa kingine, kisha uangalie laini yako ya simu. Simu iliyopoteza mtandao ghafla katika eneo ambalo kwa kawaida mtandao upo inaweza kuwa dalili kwamba mtu amesajili upya namba yako kwenye kadi nyingine, na hapo kampuni ya simu inapaswa kupigiwa mara moja kwa kutumia laini ya mtu mwingine.

Upo mwanya mmoja mdogo kwa waliopoteza Bitcoin. Bloku mpya ya Bitcoin hupatikana kwa wastani wa dakika 10, na muamala ambao haujathibitishwa bado unaweza kushindwa. Kwa kuwa wewe nawe unao ufunguo, unaweza kutuma sarafu hizohizo kwenye anwani yako mpya kwa ada kubwa zaidi na kumtangulia mwizi. Kwenye Tron, ambako bloku hutoka kila sekunde 3, usipoteze muda kulifikiria hilo.

Kukusanya ushahidi kabla haujaharibika

Usifute programu, usirudishe simu katika hali ya kiwandani, na usimjibu mwizi kwa hasira hadi akafuta mazungumzo. Kusanya kwanza. Kitu cha msingi kuliko vyote ni heshi ya muamala, yaani ile namba ndefu yenye herufi na tarakimu 64 inayoutambulisha muamala mmoja tu katika mtandao mzima. Inakili kama maandishi na si kama picha, maana mpelelezi hawezi kunakili tarakimu 64 kutoka kwenye picha ya skrini bila kukosea. Pamoja nayo, andika anwani iliyotuma, anwani iliyopokea, aina ya sarafu, kiasi, na jina la mtandao, kwa sababu USDT ya Tron na USDT ya Ethereum ni vitu viwili vinavyotafutwa katika daftari mbili tofauti. Anwani za Tron huanza kwa T, za Ethereum na mitandao ya jamaa yake huanza kwa 0x, na za Bitcoin huanza kwa 1, 3 au bc1.

Muda nao unahitaji uangalifu wa pekee katika eneo letu. Tovuti nyingi za kukagua miamala zinaweza kuonyesha saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3, ilhali shahidi anapohojiwa kituoni husema saa kwa hesabu ya Kiswahili. Wizi uliofanyika saa nne usiku utasomeka 22:00 kwenye simu na 19:00 kwenye Etherscan. Maelezo yanayochanganya hesabu hizi tatu humpa wakili wa upande wa pili kazi rahisi, kwa hiyo chagua kuandika zote mbili za tarakimu, UTC na Afrika Mashariki, kila unapotaja tukio.

Hifadhi pia kinachothibitisha kwamba sarafu zilikuwa zako. Hapa ndipo majalada mengi hukwama: mlalamikaji anaonyesha vizuri sarafu zilikokwenda lakini hana karatasi ya kuonyesha zilikotoka. Ujumbe mfupi wa malipo uliyofanya kwa M-Pesa au Airtel Money uliponunua USDT kwa njia ya P2P, yaani moja kwa moja kutoka kwa mtu mwingine, historia ya oda kwenye soko, taarifa ya benki, na picha ya pochi ikionyesha anwani ileile ni vielelezo vya umiliki.

Kusoma nyendo za sarafu

Kazi ya ufuatiliaji inaonekana ya kitaalamu mno, lakini hatua zake za kwanza zinaweza kufanywa na yeyote mwenye subira. Tuchukue mfano wa kawaida zaidi Afrika Mashariki, yaani USDT kwenye Tron. Weka heshi ya muamala kwenye Tronscan na ufungue anwani iliyopokea. Tazama orodha ya miamala ya tokeni inayotoka, ukianzia dakika ile sarafu zako zilipoingia na kuendelea mbele, wala usirudi nyuma. Utaona ama kiasi chote kikienda kwenye anwani ya pili, ama kikigawanywa mafungu. Fuata fungu kubwa kwanza, andika kila hatua kwenye jedwali lenye safu za muda, heshi, anwani inayotuma, anwani inayopokea na kiasi, kisha rudi kwa mafungu madogo.

Unachokitafuta ni umbo maalumu. Itatokea anwani inayopokea sarafu hizo, ambayo mara nyingi hutumiwa TRX kidogo ya ada muda mfupi baadaye kutoka kwenye pochi fulani kubwa, na kisha hutoa salio lake lote kwenda kwenye anwani yenye maelfu ya miamala ambayo Tronscan imeibandika jina la soko. Ile yenye jina ni pochi kuu ya soko, na fedha za wateja wote zimechanganyika humo. Ile iliyotangulia, isiyo na jina lolote, ndiyo hazina yako: ni anwani ya kuwekea fedha aliyopewa mteja mmoja, na soko linajua ni mteja gani, alijisajili kwa kitambulisho kipi na aliingia kwa simu ipi. Watu wengi huripoti pochi kuu kwa sababu ndiyo yenye jina, na jibu wanalopata ni kwamba ombi halieleweki. Taja anwani ya mteja pamoja na heshi ya muamala ulioingia humo. Ukikosea hapa na kuendelea kufuata sarafu baada ya pochi kuu, utakuwa unafuata fedha za watu wengine kabisa.

Kwenye Ethereum utaratibu ni huohuo kwa kutumia Etherscan, isipokuwa wezi wenye ujuzi hubadilisha USDT au USDC kuwa ETH (sarafu ya Ethereum yenyewe) au DAI katika dakika za mwanzo, kwa kuwa wanajua sarafu thabiti, yaani zinazofuata thamani ya dola, zenye kampuni nyuma yake zinaweza kufungwa. Ubadilishaji huo hufanyika ndani ya muamala mmoja, hivyo fungua undani wa muamala uone kilichoingia na kilichotoka. Arkham na MetaSleuth huchora nyendo hizi kama ramani na kubandika majina kwenye anwani zinazojulikana. Ni msaada mzuri, lakini jina lililobandikwa na tovuti ni dokezo, na lazima liandikwe hivyo kwenye maelezo yako.

Bitcoin ina tabia yake. Muamala mmoja unaweza kuwa na anwani nyingi zinazotoa na nyingi zinazopokea, na moja kati ya zinazopokea kwa kawaida ni chenji inayorudi kwa mtumaji. Mwizi anayetumia mbinu ya kumega hutoa kipande kidogo kwenda sokoni na kurudisha salio kubwa kwenye anwani mpya, kisha anamega tena, mara kumi au mara mia. Anayefuatilia lazima aamue kila mara ipi ni chenji na ipi ni malipo, na makosa hujilimbikiza kadiri hatua zinavyoongezeka.

Sarafu zikipita kwenye daraja la kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, usifikiri zimepotea. Madaraja mengi yana tovuti zao zinazoonyesha muamala wa upande wa kuingilia na wa upande wa kutokea. Baada ya soko la Bybit kuibiwa ETH zenye thamani ya karibu dola bilioni 1.5 tarehe 21 Februari 2025, wizi ambao FBI iliuhusisha na Korea Kaskazini, sehemu kubwa ya sarafu hizo ilipitishwa THORChain, mtandao wa kubadilishana sarafu za mitandao tofauti, na kugeuzwa kuwa Bitcoin, na wachunguzi waliendelea kuziona hadi upande wa pili. Kwenye kichanganyio kama Tornado Cash, yaani huduma inayochanganya sarafu za watu wengi ili kuficha zilikotoka, hali ni ngumu zaidi. Hicho hupokea viwango maalumu, 0.1, 1, 10 au 100 ETH, ili amana zote zifanane, na anayetoa hahusishwi na aliyeweka. Wataalamu hulinganisha muda na idadi ya amana na kupata makisio yenye nguvu, lakini mtu binafsi akifika hapo anapaswa kuandika kwamba ufuatiliaji wake umeishia kwenye amana hizo, akazitaja, na kusimama.

Uangalifu huu una uzito wa kisheria. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua kesi ya mlalamikaji aliyetapeliwa USDT na USDC na kulidai soko la Bitkub la Thailand. Mahakama ilikubali kwamba USDT ni mali inayoweza kufuatiliwa kisheria, lakini mlalamikaji alishindwa dhidi ya soko hilo kwa kuwa ushahidi wa mtaalamu wake haukuonyesha kwa uhakika kwamba sarafu zilizofika kwenye pochi husika zilikuwa zake. Pale sarafu zako zinapoingia kwenye anwani iliyokwisha kuwa na sarafu za wengine, lazima useme ni kanuni gani uliyotumia kuamua kwamba zilizotoka ni zako, na uitumie kanuni hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuibadilisha pale inapokuumiza.

Nani anaweza kuzuia, na anaombwaje

Wenye uwezo wa kuzuia ni wawili tu: masoko yanayoshika sarafu za wateja, na kampuni zinazotoa sarafu thabiti. Tether, inayotoa USDT, inaweza kuifungia anwani yoyote isihamishe USDT, na Circle inaweza kufanya hivyo kwa USDC. Mwezi Septemba 2024 Tether, Tron na kampuni ya uchunguzi TRM Labs ziliunda kitengo cha pamoja, T3, kinachoshughulikia uhalifu wa USDT kwenye Tron. Kwa hiyo ukigundua kwamba USDT zako zimetulia kwenye anwani ya mwizi bila kubadilishwa, hiyo ni habari njema kuliko zote, na ni sababu ya kwenda mbio. Bitcoin na ETH zikiwa kwenye pochi ya mwizi mwenyewe hazina wa kuzifunga.

Liandikie soko kupitia njia rasmi ya huduma kwa wateja, siku ileile, hata kabla ya kupata barua ya polisi. Omba mambo matatu: fedha zilizoingia kwenye anwani uliyoitaja zishikiliwe kwa muda, kumbukumbu za mteja huyo zihifadhiwe, na uelekezwe njia ambayo polisi wataitumia. Usiombe jina la mteja, kwa kuwa hutapewa, na barua yenye ombi hilo huishia kwenye jibu la kawaida la kukataa. Aya ya msingi ya barua hiyo inaweza kuwa hivi, kwa tarehe na kiasi cha kubuni:

«Tarehe 14 Machi saa 22:12 Afrika Mashariki (19:12 UTC), USDT 3,200 zilihamishwa bila idhini yangu kwenye mtandao wa Tron kutoka anwani yangu A kwenda anwani B, muamala wenye heshi ya kwanza hapa chini. Saa 22:31 (19:31 UTC), USDT 3,150 zilitoka B kwenda anwani C, heshi ya pili. Saa 22:37 (19:37 UTC), C ilituma kiasi hicho chote kwenye pochi ambayo Tronscan inaitambulisha kuwa ya soko lenu, heshi ya tatu. Kabla ya kupokea fedha zangu anwani C haikuwa na USDT nyingine. Naamini C ni anwani ya kuwekea fedha ya mteja wenu mmoja.»

Anwani na heshi kamili zifuate chini yake kama maandishi. Sentensi kuhusu salio la C ni fupi lakini ina nguvu kuliko kurasa za malalamiko, kwa sababu inaondoa mashaka ya kuchanganyika.

Soko litakalokubali kushikilia fedha kwa ombi la mtu binafsi litafanya hivyo kwa siku chache tu. Baada ya hapo linahitaji ombi la chombo cha dola au amri ya mahakama.

Polisi, wakili na mahakama

Nchini Tanzania fungua taarifa kituoni, upate namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa cha polisi, na uombe jalada lifike kwa wapelelezi wa makosa ya mtandao. Kosa linaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Nchini Kenya upate namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na jalada lifikishwe kwa wapelelezi wa uhalifu wa mtandao wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, chini ya sheria ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao. Mwenye makazi Marekani anaripoti kwa IC3, kituo cha FBI cha malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni.

Baadhi ya Watanzania huogopa kwenda kituoni kwa sababu ya tangazo la Benki Kuu la Novemba 2019 lililosema biashara ya sarafu hizi inakiuka kanuni za fedha za kigeni. Woga huo unaeleweka, ingawa tangu hapo Bunge lenyewe limezitambua mali za kidijitali kikodi, pale Sheria ya Fedha ya 2024 ilipoweka kodi ya zuio ya asilimia 3. Mwenye wasiwasi aende na wakili, lakini asiache kuripoti, maana bila RB hakuna soko litakalomsikiliza kwa muda mrefu. Kwa Kenya hali imekuwa wazi zaidi tangu kupitishwa kwa sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali mwaka 2025, inayoyaweka masoko chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Usitarajie kwamba afisa atakayekupokea anaifahamu blokcheni. Mpelekee karatasi mbili, yaani maelezo ya ukurasa mmoja na jedwali la miamala, na umwonyeshe kwenye simu jinsi heshi inavyofunguliwa. Kisha mweleze jambo moja la kiofisi ambalo limechelewesha majalada mengi: masoko makubwa hupokea maombi ya polisi kupitia mifumo maalumu inayothibitisha kwamba mwombaji ni chombo cha dola, na barua kutoka kwenye anwani binafsi ya Gmail hukataliwa. Ombi litoke kwenye barua pepe ya serikali, likiwa na kichwa cha barua, namba ya jalada, na kifungu cha sheria. Pale soko lilipo nje na linadai utaratibu wa kimataifa, njia hupitia ofisi ya Interpol ya nchi au maombi ya msaada wa kisheria baina ya serikali, na hayo huchukua miezi, pengine miaka.

Shauri la madai ni njia ya pili. Tangu kesi ya mwaka 2019 iliyohusu Bitcoin zilizolipwa kama kikomboleo kwa wadukuzi, mahakama za Uingereza hukubali kwamba sarafu hizi ni mali na hutoa zuio hata dhidi ya watu wasiojulikana majina, pamoja na amri ya kulilazimisha soko kutoa taarifa za mteja. Msomaji anayeishi huko anaweza kuifikiria. Gharama zake, kwa maoni yangu, hazina maana kwa aliyepoteza dola elfu chache.

Kuna pia mlango wa nyumbani ambao wengi huupita. Mwizi wa hapa kwetu mwisho wa safari huuza USDT kwa njia ya P2P na kupokea shilingi kwenye namba ya simu au akaunti ya benki. Soko likishatoa kumbukumbu za oda hizo kwa polisi, upelelezi unageuka kuwa wa kawaida kabisa, wa namba iliyosajiliwa kwa kitambulisho na wakala aliyetoa fedha. Polisi wetu wana uzoefu mkubwa zaidi katika hilo kuliko katika blokcheni.

Wizi wa pili

Siku chache baada ya kulalamika hadharani utaanza kupokea ujumbe wa watu wanaodai kwamba wanaweza kurejesha sarafu zako. Mmoja atajiita mdukuzi wa maadili, mwingine kampuni ya sheria, wa tatu ofisa wa FBI au Interpol. Agosti 2023 FBI ilitoa onyo la umma kuhusu kampuni hizi za urejeshaji, na mwaka 2024 ikaonya tena juu ya mawakili bandia wanaowalenga waliokwisha kuibiwa. Namna yao haibadiliki sana. Kwanza wanakuonyesha picha ya skrini yenye salio lako «lililopatikana», kisha inatajwa ada ya kulifungua, kodi, au gharama ya cheti, na ukishalipa moja inazaliwa nyingine.

Mtihani wa kuwapima ni rahisi ukikumbuka yaliyoelezwa hapo juu. Hakuna anayeweza kuingia kwenye blokcheni na kuzirudisha sarafu, hivyo anayedai hivyo muulize ni taasisi gani inazishikilia, heshi ya muamala ulioziingiza humo ni ipi, na amri ya kuzizuia imetolewa na nani. Anayeomba maneno yako ya siri ili «aunganishe pochi» ni mwizi bila mjadala. Kampuni halali za uchunguzi zipo, na hulipwa kwa kuandaa ripoti ambayo polisi au wakili ataitumia, wala haziahidi matokeo. Chainabuse, ambako anwani za wezi huripotiwa, haitozi kitu kwa taarifa yako.

Je, kuzungumza na mdukuzi mwenyewe kunafaa? Kumewahi kufaa. Aliyechukua zaidi ya dola milioni 600 za mradi wa Poly Network Agosti 2021 alirudisha karibu zote, na wa mradi wa Euler Finance, aliyechukua takriban dola milioni 197 Machi 2023, alifanya vilevile baada ya ujumbe kadhaa ulioandikwa ndani ya miamala. Mei 2024 mtu mmoja aliyedanganywa na anwani iliyofanana na ile aliyozoea kuitumia alipoteza WBTC 1,155 (tokeni inayofuata thamani ya Bitcoin) na kurudishiwa sehemu kubwa siku chache baadaye. Katika visa hivyo macho ya dunia nzima yalikuwa kwenye anwani za wezi wakashindwa kutumia walichochukua. Aliyeibiwa USDT 3,000 hana shinikizo hilo, ila kutuma ujumbe mmoja wenye ahadi ya kumwachia asilimia 10 hakugharimu zaidi ya ada ya mtandao. Uandikwe kutoka anwani mpya, na usiambatane na kitu kingine chochote.

Baada ya jalada kufunguliwa

Fungua akaunti ya bure kwenye Etherscan na uweke anwani za mwizi katika orodha ya kutazamwa, ili upokee barua pepe kila zinaposogea. Kwa Tron, zikague mwenyewe mara kwa mara. Unaweza hata kujua kama Tether imeifunga anwani ya Ethereum: kwenye ukurasa wa mkataba wa USDT ndani ya Etherscan, sehemu ya kusoma mkataba, ipo hoja ya isBlackListed, ambapo ukiweka anwani utajibiwa ndiyo au siyo bila kuunganisha pochi yoyote.

Sarafu zilizotulia huweza kukaa miaka. Zile Bitcoin 119,754 zilizoibwa kwenye soko la Bitfinex Agosti 2016 zilibaki nyingi mahali pamoja hadi Februari 2022, serikali ya Marekani ilipokamata takriban 94,000, na kilichowezesha hilo ni faili lenye funguo lililokutwa kwenye hifadhi ya mtandaoni ya mshukiwa. Wadai wa Mt. Gox, soko lililoanguka mwaka 2014, walianza kulipwa kwa Bitcoin Julai 2024. Kwa sababu hiyo jalada lako liwe na nakala mbili nje ya simu, hati ya kiapo iliyosainiwa mbele ya wakili wakati kumbukumbu bado ni mpya, na barua pepe ambayo bado utakuwa unaifungua. Sarafu zikisogea na kuingia sokoni, mwandikie mpelelezi siku hiyohiyo kwa kutaja namba ya jalada, anwani mpya ya mteja na heshi, na uliandikie soko husika nakala yake.